Mpaka Uliofungwa Mara Nne: Kisa cha Walinzi wa Mpaka wa Finland, 2023–2024

Kisa kinahusu nini

Katika vuli ya 2023, vituo vya mpakani vya Finland vinavyopakana na Urusi vilianza kupokea wasafiri ambao kwa miaka mingi hawakuwa wakionekana pale. Wengi wao walikuwa vijana wa kiume kutoka Syria, Somalia, Yemen, Iraq na nchi nyinginezo, hawakuwa na viza ya kuingia Finland, na wengi walifika wakiendesha baiskeli. Kuanzia Agosti hadi katikati ya Desemba walifika takriban 1,300 na kuomba hifadhi. Kwa nchi yenye watu milioni tano na nusu, idadi hiyo haikuwa ya kutikisa dola. Hata hivyo, katika muda usiozidi wiki nne serikali ilifunga vituo vya barabara vya mpaka huo hatua kwa hatua hadi vyote vikafungwa, ikavifungua viwili, kisha ikavifunga tena.

Uchambuzi huu unafuatilia kazi ya chombo kimoja katika mfululizo huo, yaani Kikosi cha Walinzi wa Mpaka, ambacho Wafini wenyewe hukiita Rajavartiolaitos. Watu binafsi, wawe walinzi au waomba hifadhi, hawatajwi, na viongozi wanatajwa kwa vyeo vyao tu. Nchi, vituo na tarehe vimebaki kama vilivyo, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo mafunzo.

Usuli: kikosi, na mpaka wenyewe

Kikosi hiki kiliundwa mwaka 1919, chini ya miaka miwili baada ya Finland kutangaza uhuru wake. Kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lakini kimepangwa kijeshi: askari wake wana vyeo vya kijeshi, kinafunza vijana wanaoitwa kwa mujibu wa sheria, na nchi ikiingia vitani sehemu zake zinaweza kuunganishwa na Jeshi la Ulinzi. Kina watumishi wapatao 3,000. Kazi zake ni pamoja na doria za nchi kavu na baharini, ukaguzi wa pasipoti, upelelezi wa makosa ya jinai yanayohusu mpaka, na uokoaji wa watu wanaopatwa na ajali baharini.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauona mpangilio huo kuwa mgeni kidogo. Kwetu Tanzania, anayegonga muhuri kwenye pasipoti ni ofisa wa Idara ya Uhamiaji, anayekagua mzigo ni wa Mamlaka ya Mapato (TRA), na ulinzi wa mstari wenyewe umegawanywa kati ya polisi na jeshi. Kenya ina kikosi maalumu cha polisi wa mpakani ndani ya Polisi wa Utawala, lakini hati za wasafiri hukaguliwa na maofisa wa uhamiaji. Finland nayo ina idara ya forodha iliyo peke yake. Lakini mlinzi anayetembea msituni na mbwa, mwenzake anayekaa dirishani akikagua viza, na mpelelezi anayefungua jalada la mtu aliyesafirisha watu kwa magendo, wote ni wa kikosi kimoja na taarifa zao hupanda ngazi moja. Jambo hilo lina uzito mkubwa katika kisa hiki, kama itakavyoonekana mbele.

Mpaka wa Finland na Urusi una urefu wa takriban kilomita 1,340, kutoka Ghuba ya Finland kusini hadi Lapland kaskazini, na sehemu yake kubwa ni misitu, vinamasi na maziwa. Vituo vya barabara ni vinane: Vaalimaa, Nuijamaa, Imatra na Niirala upande wa kusini na kusini mashariki, kisha Vartius, Kuusamo, Salla na Raja-Jooseppi kadiri mtu anavyopanda kaskazini. Pia kuna kituo cha reli cha Vainikkala. Kandokando ya mstari, upande wa Finland, kuna ukanda wenye upana usiozidi kilomita tatu ambao raia wa kawaida haruhusiwi kuingia bila kibali. Uzio uliokuwepo kabla ya 2023, pale ulipokuwepo, ulikuwa wa mbao na mfupi, kazi yake hasa ikiwa kuzuia mifugo isivuke.

Mpaka mrefu kiasi hicho, wenye uzio wa kuzuia ng'ombe, uliwezaje kuwa miongoni mwa mipaka tulivu zaidi ya Umoja wa Ulaya? Jibu liko ng'ambo. Upande wa Urusi, walinzi wa mpaka ambao ni sehemu ya idara ya usalama ya FSB wana ukanda wao mpana zaidi, na kwa desturi ya miaka mingi mtu asiye na viza ya Finland alizuiwa huko huko, kabla hajaliona lango la Finland. Zile njia za panya ambazo mkazi wa Namanga au Horohoro anazijua kama anavyojua njia ya kisimani hazikuwepo pale, na kama zilikuwepo hazikuwa na wapitaji. Aidha, kulikuwa na utaratibu wa wajumbe wa mpaka, uliotokana na mkataba wa mwaka 1960, ambapo makamanda wa pande zote mbili walikutana mara kwa mara kusuluhisha mambo madogo kabla hayajawa makubwa.

Kikosi kilikuwa na kumbukumbu mbili za kukionya kwamba desturi hiyo ingeweza kuvunjika. Ya kwanza ni ya majira ya baridi ya 2015 na 2016, ambapo waomba hifadhi wapatao 1,700 walipitia Salla na Raja-Jooseppi. Kuvuka kwa baiskeli kulipigwa marufuku Desemba 2015, wakaanza kuja kwa magari makuukuu. Mtiririko ulikoma Machi 2016, baada ya Helsinki na Moscow kukubaliana kwamba vituo hivyo viwili vitumiwe kwa muda na raia wa Finland, Urusi na Belarus na wanafamilia wao peke yao. Ya pili ni ya 2021, pale Belarus iliposukuma maelfu ya wahamiaji kuelekea Poland, Lithuania na Latvia. Baada ya hiyo ya pili, na baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, Bunge la Finland lilirekebisha Sheria ya Walinzi wa Mpaka mwezi Julai 2022 ili serikali iweze kufunga vituo na, ikibidi, kuelekeza maombi yote ya hifadhi kwenye kituo kimoja au vichache. Wakati huohuo mipango ya uzio mpya ilianza. Finland ilijiunga na NATO tarehe 4 Aprili 2023, na msomaji asishangae kwamba kisa chetu kinaanza miezi michache tu baadaye.

Mtiririko wa matukio

Mwanzoni walikuwa wachache, na walipitia vituo vya kusini mashariki ambavyo viko karibu na Saint Petersburg. Walinzi wa Nuijamaa na Vaalimaa ndio waliotangulia kuona kwamba kuna kitu kimebadilika. Wageni hao walikuwa wamepita vizuizi vya ndani vya Urusi na ukaguzi wa kutoka bila viza ya nchi waendayo, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwezekana. Kikosi kilitangaza hadharani kwamba mamlaka za Urusi zimebadili utendaji wao. Moscow ilikana.

Baiskeli zilikuja kwa sababu ya kanuni ya kawaida kabisa: kuvuka kwa miguu hakukuruhusiwa kwenye vituo hivyo, kwa hiyo kila aliyetaka kufika lango la Finland alihitaji chombo chochote chenye magurudumu. Nyingine zilikuwa baiskeli kuukuu zisizostahili barabara iliyoganda, na waliozipanda walivaa viatu vya kutembelea mjini. Baadaye, vituo vya kaskazini vilipokuwa ndivyo pekee vilivyo wazi, baiskeli zilirundikwa kando ya kituo cha Salla, nusu yake zikiwa zimefukiwa na theluji.

Kwa mlinzi aliyekuwa zamu, kila mmoja wao alikuwa na utaratibu wake. Anapotamka kwamba anaomba hifadhi, mlinzi hawezi kumrudisha. Anampekua kwa usalama, anachukua alama za vidole na picha, anaandika ombi na maelezo ya njia aliyopitia, kisha anamkabidhi ili apelekwe kwenye kituo cha mapokezi. Uamuzi wa kumpa au kumnyima hifadhi si wa mlinzi bali ni wa Idara ya Uhamiaji. Kazi hiyo huchukua muda. Kituo kilichozoea kupitisha magari kikajikuta kinafanya kazi ya ofisi ya usajili usiku na mchana, huku doria za msituni zikiendelea na wapelelezi wa kikosi wakifungua majalada ya kusaidia watu kuingia nchini kinyume cha sheria.

Tarehe 9 Novemba kikosi kilipiga marufuku kuvuka kwa baiskeli katika vituo vya kusini mashariki. Marufuku hiyo haikuzaa matunda ya kudumu, kwani tatizo halikuwa baiskeli. Katikati ya mwezi idadi ya wanaofika kwa siku ilikuwa imepanda mno, na suala likahama kutoka mezani kwa makamanda hadi kwenye Baraza la Mawaziri.

Vituo vinne vya kusini mashariki, yaani Vaalimaa, Nuijamaa, Imatra na Niirala, vilifungwa usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba, na maombi ya hifadhi yakaelekezwa Salla na Vartius pekee. Watu wakahamia kaskazini. Usiku wa kuamkia tarehe 24 vilifungwa Vartius, Kuusamo na Salla, ikabaki Raja-Jooseppi, kituo cha mbali kuliko vyote, kaskazini mwa Lapland, mahali ambapo mwezi huo jua huchungulia kwa saa chache tu. Watu wakaelekea huko. Tarehe 30 Novemba nacho kikafungwa, na kwa wiki mbili hapakuwa na kituo hata kimoja cha barabara kilichokuwa wazi. Maombi ya hifadhi yangepokelewa kwenye viwanja vya ndege na bandari tu. Katika siku hizo hizo shirika la mipaka la Ulaya, Frontex, lilianza kupeleka maofisa hamsini kusaidia doria na ukaguzi.

Tarehe 14 Desemba serikali ilifungua Vaalimaa na Niirala ili kupima hali. Saa chache hazikupita kabla ya waomba hifadhi kuanza kujitokeza tena, na jioni ya tarehe 15 malango yalifungwa. Kufungwa huko kuliongezewa muda mwezi Januari, kukaongezewa tena Februari, na kuanzia katikati ya Aprili 2024 kukawa ni hadi itakapotangazwa vinginevyo. Reli ya Vainikkala iliachwa wazi kwa treni za mizigo.

Maamuzi na sababu zake

Ni muhimu kutenganisha aliyeamua na aliyependekeza. Kwa mujibu wa kifungu cha 16 cha Sheria ya Walinzi wa Mpaka, mamlaka ya kufunga kituo yako mikononi mwa serikali. Kikosi kinaleta hoja: watu wangapi wamefika, kutoka wapi, kwa njia gani, walisaidiwa na nani, na lango likiachwa wazi nini kinatarajiwa. Serikali ikiamua, kikosi kinatekeleza, kuanzia kuweka vizuizi barabarani hadi kumweleza dereva wa lori kwamba ageuze.

Sababu ambayo serikali iliishikilia haikuwa wingi wa watu. Ilisema kwamba dola jirani inawatumia wahamiaji kama nyenzo ya shinikizo, na kwamba hilo ni tishio kwa usalama wa taifa na utulivu wa umma hata kama leo wamefika mia moja tu, kwa kuwa anayelegeza kizuizi anaweza kukilegeza zaidi kesho. Hoja hiyo ina mantiki, lakini ina hatari yake: inahamisha mjadala kutoka kwa mtu aliyesimama langoni hadi kwa dhamira ya serikali ambayo haipo mbele ya mahakama, na dhamira ni vigumu kuithibitisha kwa nyaraka.

Ndiyo maana Kansela wa Sheria, ambaye kazi yake ni kuangalia uhalali wa matendo ya serikali, alikuwa na sauti kubwa. Sheria inataka hatua iwe ya lazima na iwe na uwiano na tishio, na haki ya kuomba hifadhi isifutwe. Serikali haikuweza kufunga vyote kwa mkupuo. Ilibidi ioneshe kwamba hatua nyepesi ilijaribiwa ikashindwa. Kwa hiyo vilifungwa vinne, kisha vitatu, kisha kimoja, kila uamuzi ukiwa na tarehe ya kuisha na ukiegemea takwimu za vituo za siku chache zilizotangulia.

Uamuzi mkubwa wa mwisho ulikuja tarehe 12 Julai 2024, pale Bunge lilipopitisha kwa kura 167 dhidi ya 31 sheria ya muda ya kukabiliana na uhamiaji unaotumiwa kama nyenzo. Kwa kuwa sheria hiyo inakwenda kinyume na baadhi ya misingi ya katiba na ya mikataba ya haki za binadamu, ilihitaji wingi wa kura tano kwa sita, na ikaupata. Inaipa serikali uwezo wa kutangaza, kwa eneo fulani na kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa kila uamuzi, kwamba maombi ya hifadhi hayatapokelewa hapo. Mlinzi atamzuia mtu asiingie, na aliyekwisha kuingia atamrudisha. Watoto, watu wenye ulemavu, walio katika hali dhaifu ya namna hiyo, na wale walio katika hatari ya kweli ya kuuawa au kuteswa wakirudishwa, wameachwa nje ya katazo hilo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake mapema, na wataalamu wa katiba wa Finland waliipinga kwa maneno makali.

Matokeo

Kwa kipimo cha idadi, matokeo hayana utata: baada ya katikati ya Desemba 2023 mtiririko ulikauka. Wachache sana walijaribu kupita msituni, wakakutana na theluji, ukanda uliofungwa na doria zenye mbwa. Ujenzi wa uzio uliendelea. Ulianza mapema 2023 kwa kipande cha majaribio cha kilomita tatu hivi huko Pelkola, mjini Imatra, na mpango mzima ni wa takriban kilomita 200. Ni uzio wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita tatu, una seng'enge juu, barabara ya doria pembeni, na kamera. Kilomita 200 kati ya 1,340 ni kama moja kwa saba, na kikosi hakijawahi kudai kwamba uzio peke yake unatosha. Makusudio yake ni kuchelewesha watu na kuwaelekeza mahali ambapo doria inaweza kuwafikia, hasa karibu na vituo.

Upande mwingine wa hesabu uko Lappeenranta, Imatra na miji mingine ya mashariki. Biashara ya wanunuzi wa Kirusi ilikuwa imekwisha kuporomoka tangu Septemba 2022, Finland ilipowazuia watalii wa Urusi, lakini mwaka mmoja baadaye kilichokatika ni njia ya familia. Finland ina wakazi wapatao 100,000 ambao lugha yao ya kwanza ni Kirusi, na wengi wana wazazi, makaburi na nyumba ng'ambo. Safari iliyokuwa ya saa chache kwa gari ikawa ya kuzunguka Estonia au kuruka hadi Uturuki na kurudi. Hawa hawakuwa sehemu ya tatizo lililosababisha kufungwa, lakini ndio walioendelea kulipa gharama baada ya baiskeli ya mwisho kuondolewa pale Salla.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kitu cha kwanza ambacho kikosi kilitoa hakikuwa nguvu, kilikuwa taarifa. Kugundua katika wiki chache kwamba jirani amebadili utendaji, kutofautisha ongezeko la kawaida na ongezeko linaloelekezwa, na kuyafikisha hayo kwa mawaziri yakiwa na takwimu za kila kituo, ni kazi iliyowezekana kwa sababu dirisha la pasipoti, doria na upelelezi viko chini ya paa moja. Katika mfumo ambapo ofisa uhamiaji anaandika ripoti yake kwenda wizara moja na polisi wa mpakani yake kwenda nyingine, mabadiliko ya namna hii yangeweza kuonekana kama matukio ya pembeni, kila moja likiwa na maelezo yake ya kuridhisha. Nchi zetu zimeanza kuikaribia hali hiyo kupitia vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, lakini vituo hivyo vilibuniwa ili kuharakisha mizigo na abiria, na taarifa za usalama hazijawa shabaha yake kuu.

La pili ni maandalizi ya kisheria. Marekebisho ya Julai 2022 yalifanywa wakati hakuna mtu langoni, na yaliwezesha serikali kuamua Novemba 2023 bila kutafuta sheria usiku wa manane. Poland mwaka 2021 ilitunga kanuni zake huku watu wakiwa tayari wamekwama msituni, na tofauti hiyo ilionekana kwenye uwanja wenyewe: Finland haikuwa na makundi ya watu waliokwama kwa wiki nyingi kati ya safu mbili za askari.

La tatu lina ubishi zaidi. Wapo waliolaumu kufunga kwa hatua, wakisema kila hatua ilisukuma watu kaskazini zaidi, kwenye baridi kali zaidi, na kwamba wiki mbili zilipotea. Kiutendaji wana haki: kilichofanyika kati ya tarehe 18 na 30 Novemba kilikuwa ni kuhamisha foleni kutoka kituo hadi kituo, na walinzi wa Lapland, walio wachache, ndio walioangukiwa na mzigo. Lakini kisheria ngazi hizo ndizo zilizobeba uamuzi. Bila ushahidi kwamba kufunga vinne hakukutosha, kufunga vinane kungekuwa dhaifu mbele ya Kansela wa Sheria na mbele ya mahakama yoyote. Kamanda anayetaka kasi na mwanasheria anayetaka uwiano walivutana, na kwa maoni yangu mvutano huo ulikuwa sehemu ya mfumo kufanya kazi yake, ingawa aliyeendesha baiskeli hadi Salla ndiye aliyeulipia kwa vidole vilivyoganda.

Uchambuzi: kilichokwama

Kufungua ndiko kulikoshinda. Jaribio la tarehe 14 Desemba lilionesha jambo moja tu, kwamba jirani hajabadili utendaji. Halikuonesha ni kwa masharti gani lango lingeweza kubaki wazi. Hakukuwa na kiwango kilichotangazwa, kwamba wakifika chini ya idadi fulani kwa siku kituo kitaendelea, wala mpango wa kuwashughulikia waliofika siku ile huku familia zikiendelea kuvuka. Msomaji wa Kenya anaujua mkwamo huu. Mpaka na Somalia ulifungwa rasmi 2007. Mei 2023 Nairobi na Mogadishu zilitangaza kuufungua kwa awamu kuanzia Mandera, na Julai mwaka huohuo mpango ukaahirishwa kwa sababu ya mashambulizi ya Al-Shabaab. Vitisho ni tofauti kabisa, na umwagikaji damu wa Mandera, Garissa na Lamu hauna mfano wake Lappeenranta. Kinachofanana ni kwamba anayefunga anahitaji tukio moja kumpa sababu, na anayefungua anadaiwa uhakika ambao hakuna kikosi kinachoweza kuutoa.

Pengo kubwa zaidi liko ng'ambo, na halizibiki kwa fedha. Kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya usalama wa mpaka huu ilitolewa bure na jirani. Finland iliupima uwezo wa kikosi chake katika hali ambayo nusu ya kazi ilifanywa na watu wengine, na siku nusu hiyo ilipoondolewa, mita tatu za chuma zilionekana kama jibu kwa sababu ndizo pekee zilizokuwa ndani ya mamlaka ya nchi. Mwaka 2016 mtiririko ulikoma mezani, kwa makubaliano. Mwaka 2023, vita vya Ukraine vikiendelea, meza hiyo haikuwepo.

Halafu kuna haki ya hifadhi yenyewe. Kusema kwamba maombi yanapokelewa kwenye viwanja vya ndege na bandari ni sahihi kisheria, lakini aliyesimama upande wa Urusi bila viza hawezi kupanda ndege ya kwenda Helsinki. Shirika la ndege litamkatalia kwenye kaunta. Kwa mtu huyo mlango uko wazi mahali ambapo hawezi kufika. Miongoni mwa wale 1,300 walikuwemo watu wa mataifa ambayo raia wake hupewa hifadhi mara kwa mara Ulaya, na dola iliyowasukuma haikubatilisha madai yao.

Sheria ya Julai 2024 ililisogeza tatizo hilo hadi kwenye mabega ya askari wa cheo cha chini. Chini ya utaratibu wa kawaida, mlinzi anaandika ombi na kumwachia ofisa wa uhamiaji, mwenye mafunzo na mkalimani, aamue. Chini ya sheria ya muda, mlinzi aliye msituni saa nane usiku, akiwa na tochi na mbwa, atatakiwa kupima kama kijana aliye mbele yake ana umri wa miaka kumi na saba au kumi na tisa, kama kilema chake ni cha kweli, na kama maneno anayoyasema kwa lugha ambayo mlinzi haifahamu yanaashiria hatari ya kuteswa. Hakuna rufaa ya kawaida dhidi ya kurudishwa. Kuna ombi la kutazamwa upya tu. Watunga sheria walidhani wanampa mlinzi mamlaka zaidi. Kwa hakika walimpa dhima ya hakimu bila chumba cha mahakama, na kikosi kilichojengwa juu ya nidhamu ya kijeshi na utaratibu ulio wazi kinadaiwa kutumia busara ya mtu mmoja mmoja.

Katika mwaka wake wa kwanza sheria hiyo haikutumiwa hata mara moja, kwa sababu vituo vilikuwa vimefungwa na watu hawakuja. Mwaka 2025 iliongezewa muda hadi mwisho wa 2026. Serikali ilisema kuwepo kwake peke yake kunazuia. Wapinzani wakajibu kwamba kilichozuia ni malango yaliyofungwa chini ya sheria ya zamani, na hoja zote mbili haziwezi kupimwa maadamu malango yamefungwa. Kwa kikosi, hali hiyo ina maana ya kiutendaji: askari wake wamepewa sheria ambayo hawajaitumia, wanafanya doria kwenye mpaka ambao mwenzao wa ng'ambo hashirikiani nao kama zamani, na siku vituo vitakapofunguliwa watapimwa kwa yote mawili kwa wakati mmoja, kuanzia Vaalimaa.